Kilomita Kumi na Mbili

Steigen, 3 Oktoba 2023

Mdogo wangu Ingvald,

Pokea salamu za dada yako. Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Huko juu, masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Juzi birika lilipiga mluzi mpaka likakauka, nami nimekaa hatua tatu kutoka jikoni nafuma soksi. Kwa hiyo usijisumbue kupiga simu, nasikia kama mtu anatafuna karatasi. Andika, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa jeshini.

Kondoo wa jirani wameshushwa kutoka mlimani, wote isipokuwa wawili. Viazi vimetoka vizuri. Binti yako Tonje amenitumia picha ya mtoto wake kutoka Trondheim. Amechukua pua ya marehemu mkeo Sølvi, ile ile. Nililia kidogo, halafu nikaibandika kwenye friji.

Sasa jambo lenyewe. Nimeuza nyumba. Ndiyo, nyumba ya Baba na Mama. Wanunuzi ni mke na mume kutoka Bergen, watu wapole, wanaipenda hata harufu yake. Funguo nawakabidhi tarehe mosi Julai mwakani, halafu nahamia kwenye nyumba za wazee za manispaa: chumba kimoja, jiko, na dirisha linalotazama maji. Nina miaka themanini na moja na ngazi za darini zimenishinda. Usinilaumu, wewe mwenyewe ulisema huitaki.

Nina ombi moja kabla ya siku hiyo. Njoo na gari lako, unichukue, tupite mara moja njia ya maziwa ya Baba, kutoka shamba la juu kabisa mpaka gatini, tusimame kila pahali alipokuwa akisimamisha lori kupakia madebe ya wakulima. Wewe na mimi tu. Hakuna mwingine aliye hai anayevijua vituo vyote. Basi linapita huko, lakini basi halisimami kwenye kichanja cha maziwa kilichobomolewa mwaka wa sabini.

Na unieleze ukweli wa hilo gari lako la umeme. Ulipolinunua miaka mitano iliyopita ulilisifu mpaka ukanichosha. Sasa mmeshazoeana, sema.

Dada yako,
Jorunn


Mosjøen, 29 Oktoba 2023

Dada yangu Jorunn,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Mimi naendelea vizuri. Tonje alikuja wakati wa mapumziko ya vuli akanipangia makabati yote, na sasa sijui sukari iko wapi. Jirani yangu Kåre anakusalimu, amepata meno mapya na anacheka hata mahali pasipo na kichekesho. Kuhusu nyumba, sikulaumu. Nilikaa na barua yako siku nyingi ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Umeuliza gari. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mwaka wa kwanza hata kidonda sikukiona. Mimi fundi umeme, miaka thelathini na minane katika kiwanda cha alumini nikiwaambia watu kwamba petroli ni uchafu, na wao wakinicheka. Siku lilipofika nilijiona nimeshinda kesi. Sølvi alikuwa anasinzia kabla hatujafika mwisho wa mtaa, kwa jinsi lilivyo kimya. Nyakati hizo yalikuwa mawili tu hapa mtaani. Leo kila nyumba inalo, lile lile, jeupe lile lile. Kåre aliwahi kupakia samaki wake wote kwenye buti la gari langu pale dukani, akaenda zake. Tuligundua baada ya siku mbili, kwa pua.

Sasa makosa yake. Kwenye karatasi linakwenda kilomita mia nne na hamsini kwa chaji moja. Mwezi wa Februari linakwenda mia mbili na sitini, na ukitaka miguu ipate joto, punguza tena. Vitasa vimezama ndani ya mlango ili lionekane zuri, na baridi ikiganda juu yake havitoki. Sølvi alikuwa akivigonga kwa ngumi ndani ya glavu ya sufu, taratibu, akisema, “Hodi, wenyewe mpo?” Kila kitu kiko kwenye skrini, hata kufungua kijidroo cha mbele. Halafu wanabadilisha programu wewe umelala, unaamka waipa zimehamishwa. Ni zito, limeshakula seti tatu za tairi, na limetembea kilomita 91,340 tu.

Na lina tabia moja inayonitoa roho. Linashika breki lenyewe. Likiona kivuli cha daraja, au mfuko wa plastiki, linafunga breki na kahawa inaruka mpaka kwenye kioo. Nimelitukana kwa hilo kuliko kwa kosa jingine lolote.

Lakini nitakuambia siku moja. Machi ya mwaka wa ishirini na moja tulikuwa tunakuja kwako, tukafika mlima wa Saltfjellet, geti limefungwa kwa tufani, tukapangwa kwenye foleni kungoja gari la kusukuma theluji lituongoze kwa msafara. Tulingoja saa tatu. Kila nikitazama betri imeshuka. Nikazima joto, tukajifunika blanketi moja, tukala lefse zote, ile mikate myembamba tuliyokuwa tunakuletea, na Sølvi akanisimulia mapenzi yake ya kwanza, mvulana wa mji wa Mo aliyekuwa na pikipiki. Miaka arobaini na tisa ya ndoa sikuwahi kumsikia huyo mvulana. Nilicheka mpaka vioo vikafunikwa na mvuke. Ningelitoa gari zima nirudishiwe saa tatu zile.

Kwa hiyo unaelewa, dada. Baridi imeanza, na betri hii si ya kupeleka mlimani. Tungoje Pasaka.

Ndugu yako,
Ingvald


Steigen, 20 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Salamu. Theluji imeanguka na ikakaa. Nimeshavaa soksi mbili mbili. Mhudumu wa wazee anakuja Jumanne kuniuliza kama nakula, nami namlisha.

Nimesoma barua yako nikacheka peke yangu. Lori la Baba halikuwa na joto kabisa. Mama alikuwa analifunika pua kwa blanketi, na asubuhi Baba analizungusha kwa mkono mpaka mshipa wa shingo unasimama. Digrii ishirini chini ya sifuri, madebe arobaini ya maziwa nyuma, na sikumsikia hata siku moja akisema tungoje Pasaka.

Unakumbuka alipovunjika mkono mwaka wa hamsini na tisa? Wiki tatu niliendesha mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, leseni sina. Wewe ulikaa kando unahesabu madebe, unakosea, nakufinya. Polisi wa kijiji alitusimamisha kila asubuhi akauliza mkono wa Baba unaendeleaje, akatazama juu mbinguni, akaturuhusu. Sijawahi kuwa na furaha kama wiki zile tatu. Nilizaa, niliolewa, nilizika mume, na bado nasema hivyo.

Basi sawa, Pasaka. Nitakanda lefse na kuzijaza møsbrøm, ule mchuzi mzito wa jibini la kahawia, na hizi usizile njiani.

Jorunn


Mosjøen, 2 Machi 2024

Dada Jorunn,

Nisamehe. Tangu Novemba nimekutumia kadi ya Krismasi peke yake, nayo ilikuwa ya dukani yenye maneno ya dukani. Sikuwa mgonjwa. Siku zilikuwa fupi na mimi nikawa mfupi pamoja nazo. Tonje ni mzima, mtoto ameota jino. Kåre amepoteza yake kwenye theluji, ya juu, na mtaa mzima tulitoka kuyatafuta.

Nina habari mbaya ya gari. Limeanguka ukaguzi. Breki. Hili ni kosa la magari haya yote, na hakuna anayekuambia siku unanunua. Ukiachia mguu gari linajipunguza lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo breki zenyewe hazifanyi kazi, zinakaa tu. Barabara zetu zina chumvi tangu Novemba. Basi kutu inakula diski kimya kimya. Dawa yake ni kukanyaga breki kwa nguvu mara moja kila wiki, kuzisugua. Nalijua hilo. Nimewafundisha hata wengine.

Kosa jingine: betri ndogo imekufa. Chini ya sakafu pana betri kubwa ya kuwashia nyumba siku nne, lakini ile ndogo ya kufungulia mlango ikifa, huingii. Ni kama kulala njaa nje ya ghala lako mwenyewe kwa sababu umepoteza ufunguo.

Vipuri vimeagizwa na hakuna anayejua vitafika lini. Ili usiseme natunga, naambatanisha karatasi ya ukaguzi yenyewe, yenye muhuri. Kwa hiyo Pasaka haitawezekana, dada yangu. Nasikitika kweli. Pengine majira ya kiangazi, tutaona.

Mdogo wako,
Ingvald


Steigen, 19 Machi 2024

Ingvald,

Salamu nitakupa mwishoni kama zitabaki.

Nimesoma karatasi yako. Nimeisoma yote, kwa miwani, mpaka namba ndogo za chini, kwa sababu masikio yameniacha na macho yamebaki kufanya kazi ya wawili. Imeandikwa gari limetembea kilomita 91,352. Mwezi wa Oktoba uliniandikia 91,340. Barua yako ninayo, sikuitupa.

Kilomita kumi na mbili kwa miezi minne. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yako imepita kiasi. Kutoka kwako mpaka gereji ni hizo kumi na mbili, nimepanda na Sølvi mara nyingi. Maana yake gari lako halijaenda dukani, halijaenda kanisani, halijaenda hata makaburini kwa mkeo. Limesimama. Ndiyo maana breki zimeoza, na ndiyo maana betri yako ndogo imekufa. Umenieleza makosa ya gari kurasa sita, na gari halina kosa.

Kama hutaki kuja, sema. Kama una kinyongo kwa sababu nimeuza nyumba, sema. Mimi ndiye mkubwa, na ukubwa jalala, nitabeba. Lakini usinitumie gari liseme badala yako. Zimebaki siku mia moja na nne mpaka nitoe funguo, na nimehuzunika, Ingvald. Pasaka nitakula lefse peke yangu.

Salamu hazikubaki.

Jorunn


Mosjøen, 6 Mei 2024

Dada yangu Jorunn,

Nimeandika barua hii mara nne. Maandishi ni makubwa, utaona mwenyewe kwa nini.

Sina kinyongo. Sijawahi kuwa nacho. Kosa ni la macho yangu. Katikati pameharibika, pembeni pazima. Nikikutazama usoni nitaona masikio yako na nywele zako, na mahali pa uso pana ukungu. Milima naiona yote. Daktari alinikataza kuendesha mwezi wa Septemba, wiki mbili kabla barua yako ya kwanza haijafika.

Nilikwenda kwa daktari mwenyewe, na hili ndilo sikumwambia mtu, hata Tonje. Ilikuwa Alhamisi mchana, kweupe, jua linawaka. Natoka dukani, nakaribia kivuko cha watu. Sikuona kitu. Gari likashika breki, kwa nguvu, mkanda ukanikata kifua, kahawa ikaruka, nami nikafungua mdomo kulitukana kama kawaida yangu. Ndipo akatokea kando ya ukungu, mama mzee na kigari chake cha kutembelea, amesimama mbele ya pua ya gari. Hatua moja. Alininyooshea mkono wa shukrani, Jorunn. Alidhani nimemsimamishia. Alinishukuru akavuka polepole, na mfuko wake wa viazi kwenye kikapu.

Miaka mitano nimelitukana gari lile kwa kuona visivyokuwepo. Siku hiyo lilimwona aliyekuwepo, na mimi mwenye gari sikumwona. Niliendesha mpaka nyumbani kwa mwendo wa kutembea, nikaliingiza bandani, na tangu hapo sijaugusa usukani. Kåre ndiye aliyelipeleka kwenye ukaguzi.

Lakini sikuliacha peke yake. Kila Jumapili naingia na chupa ya kahawa, naketi upande wangu. Kiti cha Sølvi bado kimelazwa nyuma kama alivyokiacha. Nawasha joto, natazama ukuta wa banda. Nilikuwa naandika makosa ya gari kwako nikiwa nimekaa mle, na kwa saa moja nilikuwa mtu mwenye gari, mwenye safari, aliyezuiwa na baridi tu. Niliona aibu, dada. Wewe umeniomba kitu kimoja katika miaka sabini na mitano, na mimi siwezi kukifanya.

Ingvald


Steigen, 14 Mei 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zote, pamoja na zile za Machi.

Nilipofika kwenye kigari na viazi nilisimama kusoma, nikatoka nje nikatembea mpaka kwenye maji na kurudi. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe nusura kilio kiwe cha watu wengine. Hilo limesemwa, sitalirudia.

Sasa sikiliza, maana wewe unaweza kusikiliza. Mimi nina macho, wewe una masikio. Leseni ninayo: tangu nifikishe themanini napewa karatasi ya daktari, na ya sasa inafika Machi mwakani. Gari langu niliuza kwa sababu nilikuwa sisikii injini, sijui nibadilishe gia lini, likawa linanguruma barabara nzima na watoto wananicheka. Lako halina gia na halingurumi. Hakuna cha kusikia. Naona kama walilitengeneza wakinifikiria mimi.

Baada ya sherehe za taifa za tarehe kumi na saba nafungasha. Jumanne ya tarehe nne Juni napanda basi mpaka Fauske, halafu treni, nashuka Mosjøen saa tisa alasiri. Hakikisha breki zimewekwa. Mwambie Kåre asiegeshe karibu.

Usibishe. Barua ya kubisha haitanikuta.

Jorunn


Steigen, 12 Juni 2024, mezani kwako

Dada Jorunn,

Uko bustanini unang’oa magugu ya watu wa Bergen, na basi langu linakuja baada ya saa moja. Naiweka hii chini ya sahani ya jibini. Kusema naweza, lakini ningelazimika kupiga kelele ili usikie, na haya si ya kupigiwa kelele.

Kwanza nikiri, unaendesha vizuri kuliko mimi nilivyokuwa. Ule mchana uwanjani pa kanisa, ulipokanyaga breki mpya mara kumi kwa nguvu zako zote na Kåre akajificha nyuma ya ukuta, nilicheka kwa mara ya kwanza tangu vuli. Saltfjellet nilikuwa naona milima yote miwili pembeni, na ukungu katikati ambamo barabara ilikuwa, nikagundua siogopi. Niliposikia gari la wagonjwa linakuja nyuma nilikugusa bega la kulia kama tulivyopatana, ukasogea, likapita. Na pale kwenye mlango wa handaki, gari liliposhika breki kwa kivuli na kahawa ikakumwagikia sketi, nilingoja utukane. Ulisema, “Lina adabu. Bora lisimame bure mara mia.”

Njia ya maziwa nitaikumbuka nilivyoisikia zaidi kuliko nilivyoiona. Wewe unasimamisha, mimi nataja shamba, tunaondoka. Nilidhani nitahuzunika zaidi. Zamani tulikuwa tunapiga kelele ili tusikizane lori likinguruma, na sasa gari ni kimya na bado napiga kelele. Mimi nilisema vituo ni kumi na vitatu. Ukasema kumi na vinne, tukabishana kilomita nzima kama watoto, halafu ukaingia pembeni mahali pasipo na kitu isipokuwa mti wa porini na mawe. Uliniambia, “Hapa Baba alishuka akaniambia hamia upande huu, endesha wewe. Hukuwepo.” Miaka yote hiyo nilidhani alivunjika mkono ndipo ukajifunza. Kumbe alikuwa amekwisha kukupa usukani, na hamkumwambia mtu.

Sasa lile ninalotaka kuliomba. Usihamie kwenye nyumba za wazee. Njoo ukae kwangu Mosjøen. Chumba cha chini kipo, hakina ngazi, kina jua la asubuhi. Sisemi hivi kwa ajili yako, ningekuwa mwongo tena. Nasema kwa ajili yangu. Asubuhi naamka, sioni gazeti, sioni uso wangu kwenye kioo, na hakuna wa kugombana naye kuhusu idadi ya vituo. Nimechoka kuongea na gari.

Gari lenyewe nimekuachia, kwa sababu hakuna wa kulirudisha isipokuwa wewe. Ufunguo uko ndani ya soksi uliyonifumia. Fikiri, halafu niandikie.

Ingvald


Steigen, 24 Juni 2024

Mdogo wangu Ingvald,

Salamu kutoka kwenye maboksi. Nakuandikia juu ya boksi la vyombo vya Mama, kwa hiyo mistari imepinda. Jana tuliwasha moto wa Mtakatifu Yohana ufukweni, kijiji kizima, na watu wa Bergen walikuja na keki. Barua yako niliikuta siku ile ile uliyoondoka, nikaisoma mara mbili, ya kwanza nimesimama.

Kwanza gari, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Baada ya siku kumi na mbili nalo, nina malalamiko yangu. Ni pana mno kwa barabara zetu. Skrini inaniuliza maswali wakati nina kazi. Kwenye soketi ya ukuta hapa nyumbani linachaji tangu Jumatatu mpaka Jumatano. Nje ya hayo ni zuri, na mhudumu wa Jumanne ameniomba nimpeleke dukani.

Sasa jibu. Ni hapana, Ingvald.

Nilitaka kusema ndiyo, na nikuambie wazi kwamba nililia kwa kutaka. Lakini hapa, mtu akifungua mdomo, mimi najua anasema nini, kwa sababu midomo yao nimeitazama kwa miaka sitini. Mwenye duka, mchungaji, mhudumu, hata yule jirani mwenye ndevu. Nasoma midomo yote ya Steigen. Huko kwako sijui mdomo wa mtu isipokuwa wako, na wa Kåre umebadilishwa meno. Mosjøen ningekuwa kiziwi. Hapa mimi ni Jorunn tu. Na wewe huko unajua kila kona kwa miguu, huhitaji kuona. Ukihamia hapa utakuwa kipofu. Tumechelewa, mdogo wangu. Tungefanya hivi tukiwa na miaka sitini, na tukiwa na miaka sitini kila mmoja alikuwa na shughuli zake.

Lakini nina karatasi ya daktari mpaka Machi, na nimekaa na kalenda. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi nitavuka mlima nije kukuchukua, ukae kwangu wiki, nikurudishe. Chumba changu kipya kina kochi linalokunjuka, nimelilalia kulijaribu, linatosha mtu mwenye subira. Mpaka Machi ni safari tisa. Tukitoa miezi ya tufani, ambayo sitalipeleka gari hili mlimani kwa sababu nimesoma kurasa zako sita, zinabaki tano.

Ni tano, Ingvald. Sitaki kuzipoteza hata moja kwa kisingizio chochote, kiwe chako au cha gari. Ya kwanza ni Ijumaa ya tarehe tano Julai, saa kumi jioni. Uwe umeshatoka nje na begi lako, usimame mlangoni nikuone. Usiningoje nipige honi, maana nikiipiga sitajua kama imelia.

Dada yako,
Jorunn